Bakteria wa Saileji na Wanakondoo Wachache

MFUGAJI: Karibuni tena kipindini. Daktari, wafugaji wengi huamini kwamba kazi ya saileji, yaani majani yaliyochachushwa bila hewa yawe chakula cha mifugo, imekwisha shimo likishafunikwa. Mimi mwenye kondoo kumi na watano naona kazi yenyewe huanza siku ya kulifungua.

DAKTARI: Ni kweli, mzee wangu, na sababu ni hewa. Shimo likiwa limefungwa vizuri, bakteria wa asidi ya laktiki hula sukari ya majani na kuigeuza kuwa asidi, mpaka pH, kipimo cha uchachu, ishuke karibu na 4, kiwango ambacho vijidudu viozeshavyo havikistahimili. Hewa ikirudi, hamira za porini huamka na kuila asidi ileile iliyokuwa ikiilinda saileji. Joto hupanda, kisha ukungu hufuata.

MFUGAJI: Mwenye ng'ombe wengi wa maziwa huliwahi joto hilo. Wanakondoo wangu hula kidogo kidogo, na mfuko mmoja hukaa wazi siku nyingi.

DAKTARI: Hapo ndipo aina ya bakteria unaonunua na kuwanyunyizia majani kabla ya kufunika inapokuwa na maana. Lactobacillus plantarum hushusha pH upesi, lakini asidi ya laktiki peke yake haizizuii hamira. Lactobacillus buchneri, ambaye siku hizi wanasayansi humwita Lentilactobacillus, huigeuza sehemu ya asidi hiyo kuwa asidi ya asetiki, ile iliyomo katika siki, ambayo hamira haipatani nayo. Ila yeye ni wa polepole: huhitaji siku 45 hadi 60, na anayefungua wiki ya tatu amelipia kazi ambayo haijafanyika.

MFUGAJI: Na kipimo chake?

DAKTARI: Kwa kawaida huwa angalau bakteria 100,000 kwa kila gramu ya majani mabichi, kwa hiyo fuata maelezo ya pakiti. Usiwakoroge katika maji ya bomba yenye klorini, maana utawaua kabla hawajayafikia majani. Wala hawatendi miujiza: majani ya tembo yana sukari kidogo kuliko mahindi, hivyo yaongezewe molasi, na yakiwa na maji mengi yanyaushwe kwanza.

MFUGAJI: Muuzaji wangu aliniahidi kwamba wanakondoo watanenepa.

DAKTARI: Asingeahidi. Yapo majaribio ambayo wanyama waliongezeka uzito zaidi, na yapo ambayo hayakuonyesha tofauti yoyote. Mimi nawanunua bakteria hawa ili chakula kisiharibike. Saileji iliyoingiwa na hewa, ambayo uchachu wake haukutosha, huweza kukuza Listeria, bakteria waletao ugonjwa, na kondoo ni dhaifu mbele ya ugonjwa huo: huzunguka mahali pamoja, uso ukilegea upande mmoja, na wenye mimba huweza kuzitoa. Sehemu yenye ukungu itupwe. Usiichanganye na iliyo nzima kwa kuihurumia fedha yako.

MFUGAJI: Wanakondoo waanze lini kula saileji?

DAKTARI: Waonjeshwe mapema, ikiwa imekatwa fupi, lakini kabla ya takriban wiki nane tumbo lao la kwanza halijakomaa, kwa hiyo isichukue nafasi ya maziwa.

MFUGAJI: Basi mwaka huu nitashindilia katika mifuko midogo, kila mmoja uliwe kwa siku mbili.

DAKTARI: Na uandike tarehe juu ya kila mmoja, mzee, njaa isije ikakufungulisha wiki ya tatu.