Castlereagh na bei ya kulifunga bunge

Ndugu wasikilizaji, Robert Stewart, maarufu kama Lord Castlereagh, alizaliwa Dublin mwaka 1769. Kwao ni Mount Stewart, Down, kaskazini mwa Ireland, ukoo wa Kiprotestanti wenye ardhi. Kiti chake cha kwanza bungeni, mwaka 1790, kiliigharimu familia takriban pauni 60,000. Bei ya kura aliijua mapema.

Akiwa na miaka 29 alikabidhiwa kibarua kigumu: kulifanya Bunge la Ireland lijifute lenyewe ili nchi iungane na Uingereza. Januari 1799 akabwagwa, 111 kwa 106. Sasa tazameni alivyojipanga.

Ireland ilikuwa na majimbo ya miji 117, kila moja wabunge wawili, na mengi yalikuwa mali ya mtu aliyejiwekea wabunge wake, ya kurithi na kuuza. Bannow, kule Wexford, mji wenyewe ulishafukiwa na mchanga, wabunge wake wapo! Castlereagh hakubishana na wenye majimbo, aliwalipa. Majimbo 84 yakafutwa kwa fidia ya pauni 15,000 kila moja, jumla pauni 1,260,000, tena kwa sheria iliyopitishwa waziwazi. Bannow ikalipiwa sawasawa na miji yenye watu. Na mbunge ambaye mwenye jimbo kakubali lakini yeye moyo unakataa? Alipewa wadhifa wa jina tu, usio na kazi, ambao kisheria ulimvua ubunge. Kiti akakalia mwingine. Februari 1800 kura zikasoma 158 kwa 115.

Wengi husema rushwa, wakaishia hapo. Kwangu mimi kosa kubwa ni Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi nchini: waliachiwa matumaini ya kuruhusiwa kuwa wabunge, bila maandishi. Mfalme George III akagoma kuwafungulia bunge, Castlereagh akajiuzulu 1801, nao wakangoja hadi 1829.

Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, kuanzia 1812, alitaka kila ahadi iwe na tarakimu. Mkataba wa Chaumont, Machi 1814: Uingereza, Urusi, Austria na Prussia, kila mmoja askari 150,000 dhidi ya Napoleon, mtawala wa Ufaransa, na Uingereza juu yake pauni milioni 5. Kisha kwenye mkutano wa amani wa Vienna, Napoleon akiwa ameshaangushwa, washirika hao hao wakagombea Poland na Saxony. Tarehe 3 Januari 1815 akasaini kwa siri na Austria na Ufaransa, dhidi ya Urusi na Prussia. Idadi ya askari? 150,000 kila mmoja, vilevile. Nakala moja ya mkataba huo wa siri ilisahauliwa Paris. Napoleon aliporudi madarakani mwezi Machi akaikuta, akampelekea Tsar Alexander wa Urusi.