Tumepanda Milimani Kutafuta Wagema wa Kizungu

Haya, asalaam aleikum watu wangu wa Tanga, na nyie mlioko Muheza, Mkinga, Pangani, na mashemeji zangu wote wa Lushoto. Upepo mnausikia, nivumilieni. Niko kando ya barabara juu mlimani, North Carolina, Marekani, na mume wangu Baba Zuhura amelala ndani ya gari mdomo wazi. Tumwache apumzike, kazi ameifanya tangu juzi.

Kwanza nimalize lile la picha niliyoweka status. Ile gilasi kubwa, kitu cheusi, povu mpaka juu. Shangazi yangu wa Ngamiani akapiga simu hapohapo. Huku jua halijazama, huko saa sita usiku, hata salamu hakutoa: "Ndiyo umefikia huko?" Shangazi, ile ni soda! Inaitwa root beer, jina lina neno bia ndani yake, lakini kilevi hamna. Na wala hainogi. Chukua ile dawa ya kuchua misuli, itie sukari, itie barafu, ndiyo hiyo. Nilikunywa nusu, nusu nikaipiga picha. Picha ndiyo iliyoniponza.

Safari yenyewe ni ya mume wangu. Miaka kumi ya ndoa, nikamwambia mwaka huu chagua wewe. Nilidhani atasema ufukweni. Mtu wa Soni yule, akasema milima. Milima na bia. Basi tumeendesha saa nne kutoka Raleigh mpaka Asheville, au tuseme nimeendesha, maana asiyekunywa ndiye dereva, na mpango huo ulimpendeza mno. Barabara ya juu huku inaitwa Blue Ridge Parkway, ina kilomita 755, kona juu ya kona. Kila kona ananiambia, hapa kama Mombo unapandisha. Na ukungu ule wa buluu mnaouona nyuma yangu, ni miti inapumua hewa yake, si moshi.

Sasa, Asheville ni mji mdogo, lakini viwanda vidogo vya bia ni vingi utadhani vibanda vya chipsi. Unaingia, hukuti giza wala muziki wa kupasua masikio. Unakuta watoto, mbwa, bibi anafuma sweta. Ukitaka kuonja wanakuletea kipande cha ubao kimetobolewa, vigilasi vinne vimekaa kwenye matundu, vimezidi kidogo tu vile vikombe vya kahawa pale barazani. Visikudanganye. Mpaka 2005 sheria ya jimbo hili haikuruhusu bia ipite asilimia 6 ya kilevi, ndipo wakapandisha mpaka 15. Baba Zuhura amelala kwa sababu hiyo.

Cha kwanza kizuri, cha pili kizuri, cha tatu akatikisa kichwa kama mtu anayesikia taarabu. Cha nne akakunja uso. "Mama Zuhura, hii imelala." Akairudisha kaunta! Yule kijana akacheka mpaka akashika meza. Kumbe ndivyo ilivyokusudiwa, bia chachu, wameiachia bakteria wa ukoo mmoja na wale wa maziwa mgando.

Nikainusa. Nimesema nikainusa, Shangazi. Na harufu ile naijua.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mgema, Mkinga. Namwona anapanda mnazi kwa vile vidato alivyovichonga mwenyewe, kotama, kile kisu cha kugemea, kiunoni, kibuyu begani. Anakata ncha ya karara, ukate mwembamba kabisa kama kucha, anatega kibuyu, anashuka. Asubuhi tembo ni tamu, jioni kali, likilala ndiyo harufu ile ile ya gilasi ya nne. Mbele zaidi ni siki, Bibi anatilia achari. Nyumbani hatukuisema sana kazi yake. Wageni wakija, Babu alikuwa "mkulima".

Huku ukiuliza nani anapika, anatoka mtu na aproni anakuonyesha kimea, anakupa ukitafune. Ni shayiri iliyooteshwa ikakaushwa. Halafu hopsi, maua makavu ya kuleta uchungu. Hamira. Maji. Basi. Na aliyeanzisha mambo haya hapa ni mgeni kama mimi. Oscar Wong, mzee wa asili ya Kichina aliyezaliwa Jamaica, injinia mstaafu, alifungua Highland Brewing mwaka 1994 chini ya ardhi, kwenye ghorofa la chini la baa ya watu. Wenyeji wanamwita baba wa bia ya Asheville. Mtu wa kisiwani, jamani.

Ule usemi wa mgema akisifiwa mnaujua. Basi hawa walisifiwa weee, halafu maji yenyewe yakakatika. Septemba 27, 2024, kimbunga Helene. Mto French Broad ukapanda ukaingia viwandani, bwawa la maji ya mji likageuka uji wa matope. Siku 53 hawakuwa na maji ya bomba ya kunywa. Bia haipikwi kwa tope, wengi wakasimama. Na mwajua bwawa walilisafishaje? Walitia dawa ya aluminiamu, ndugu yake shabu. Shabu! Ile Bibi aliyokuwa akiikoroga kwenye mtungi, tope linatuama chini, sisi tunachota juu.

Ehe, ameamka. Anauliza kama kuna pengine pa kuonja kabla ya kurudi. Hakuna, Baba Zuhura, funga mkanda.

Mlioko Mkinga, kama kuna anayepanda mnazi bado, nitumieni picha ya kotama. Ya Babu hatujui iko wapi, na Zuhura ameniuliza inafananaje, nikamchorea, ikatoka kama mundu.