Marubani, Wakubwa Wao na Kauli ya Mdomo: Mhadhara Uliotolewa Lamu

Assalaam aleykum wazee wangu, mama zangu na nyie vijana. Nimeombwa niongee juu ya marubani na wakubwa wa kampuni za ndege, na najua kuna mtu hapa anajiuliza sisi Lamu yatuhusu nini, basi muulizeni yeyote aliyekuwa na tiketi Novemba 2022. Tarehe 5 mwezi ule marubani wa Kenya Airways waligoma, abiria wakakwama, mpaka mahakama ikaamuru warudi kazini asubuhi ya tarehe 9. Watu wakasema hawa wana mishahara minono wanataka nini tena. Dai lao kubwa lilikuwa michango ya mfuko wa akiba ya uzeeni, iliyosimamishwa wakati wa korona.

Sasa korona ilikuwa shida ya kweli, ndege zimelala chini, kampuni haiingizi kitu, hilo sibishani nalo hata kidogo. Ninachosema mimi, mtu akikuomba usubiri haki yako basi muandikiane. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani ni ya 282 Suratul Baqara, na ni ya deni: andikeni, muweke mashahidi, wala msichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Na wanaoambiwa hivyo ni walioamini! Kwa hiyo huwa naumia sana nikisikia meneja anamjibu rubani "kwani huniamini?" kwa sababu tu ameomba kuandikiwa. Meneja mwenyewe mwakani huenda hayupo, amehamishwa au kaacha kazi, na anayekuja hana habari na ahadi iliyotolewa kwenye korido.

Lakini na kuandika nako kuna kuandika. Chukueni sentensi kama hii: "Kampuni itarejesha michango hali ya fedha itakaporuhusu." Inasomeka vizuri, ina sahihi na muhuri, haya niambieni nani ataamua kwamba hali imeruhusu? Kwa hesabu za mwezi au za mwaka? Na ile miezi iliyopita italipwa au imekwenda na maji? Hakuna. Hapo kila upande unatoka chumbani na maana yake kichwani, na baada ya mwaka kila mmoja anamuita mwenzake muongo ilhali wote wawili wanasoma karatasi ile ile.

Nyie mnajua jahazini mapato yanagawanywa kwa mafungu na hakuna karatasi, na watu wanaelewana, kwa sababu baharia ameona samaki kwa macho yake na bei kaisikia palepale. Rubani hajui kampuni ina deni gani wala inalipa kiasi gani kukodi ndege, anaambiwa tu hakuna pesa. Ndo maana naipenda ile sheria yetu ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, inamtaka mwajiri aipe yunioni habari zote zinazohusika ili wajadiliane vizuri, na mkataba wa pamoja, yaani ule wa yunioni na mwajiri, ukishakubaliwa upelekwe mahakamani ndani ya siku 14 ukasajiliwe, hapo ndo unapata nguvu. Hiki kifungu cha habari watu wanakipita juu juu, na mimi naona ndo roho ya jambo lenyewe.

Marekani nako mambo yalishawahi kuharibika vibaya, mwaka 1983 kampuni ya ndege ya Continental ilikimbilia mahakama ya kufilisika ikaitupa mikataba ya wafanyakazi, na mwaka uliofuata Bunge lao likabadilisha sheria ili kampuni isiweze tena kuitupa hivihivi bila ruhusa ya mahakama.

Na imani ikivunjika haiishii kwenye pesa jamani. Rubani akichoka anatakiwa aseme nimechoka, leo sirushi. Atasema vipi kama anaona rosta inabadilishwa usiku, na wenzake waliosema wanaandamwa? Atanyamaza, atapanda, na nyuma yake kuna mama yako anapelekwa hospitali Nairobi. Hiyo haki ya kusema nimechoka iandikwe, na iandikwe pia kwamba asemaye hataadhibiwa, na wa kwanza kuitumia akiheshimiwa wenzake watauamini mkataba wote kuliko semina kumi.

Kwa hiyo nyie vijana mnaofanya kazi mahotelini na kule uwanja wa Manda, mkitoka kikaoni na bosi msiondoke mpaka mlichokubaliana kimeandikwa, kimesomwa kwa sauti, na kila mmoja ana nakala yake. Haya, maswali, tuanze na huyo dada pale mlangoni.