Mugumo: madhabahu, dawa na mlinzi wa maji

Wazee wetu, ndugu na dada, karibuni. Wakikuyu hulitumia jina mugumo kwa miti miwili inayofanana mno, ambayo wataalamu wa mimea huiita Ficus natalensis na Ficus thonningii. Msiuchanganye na mkuyu. Mkuyu huzaa tini kubwa zinazoning'inia kwa vishada kwenye shina na matawi manene. Za mugumo ni ndogo, zimekaa vitawini karibu na majani.

Mara nyingi maisha yake huanzia juu. Ndege hula tini, mbegu zikadondoka na kinyesi kwenye panda ya mti mwingine, na mche ukaota pale pale bila udongo. Mizizi huteremka polepole. Ikishafika ardhini hunenepa, huungana na kumbana mwenyeji, naye hufa kwa kubanwa na kukosa mwanga. Akishaoza, mugumo hubaki umesimama, katikati una uwazi.

Maua yake yamefichwa ndani ya tini. Nyigu jike wa milimita 1 au 2 hupenya kwenye tundu la ncha, mabawa yakimkatika njiani; huchavusha, hutaga mayai katika baadhi ya maua, hufia humo. Wanawe madume, wasio na mabawa, hutangulia kutoka, huwapanda majike na kutoboa njia. Majike huruka na chavua kutafuta tini changa, na wana siku moja au mbili tu za kuishi. Ndiyo maana migumo haizai yote kwa pamoja: huu ukiivisha, ule unaanza, na ndege hupata chakula hata kiangazi. Mkiimaliza migumo ya eneo zima mkabakiza mmoja, nyigu wanaweza kukosekana, na tini zisizochavushwa hupukutika changa.

Chini ya mti huu wazee wa kiama, yaani baraza la wazee, walimwomba Ngai, Mungu wao, wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Mvua ilipokosekana walichinja kondoo wa rangi moja asiye na dosari, wakamimina maziwa na pombe ya asali. Kukata tawi lake ulikuwa mwiko, na hata kuni zake hazikuokotwa. Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kijito kwao Ihithe, Nyeri. Baadaye mti ulikatwa na kijito kikakauka. Mizizi hiyo hupenya mwambani hadi kwenye maji na kuushika udongo wa mteremko, kwa hiyo mwiko ule ulikuwa ukilinda chemchemi. Heshima hiyo haijafa: Novemba 2020, mugumo wa Waiyaki Way jijini Nairobi uliponea kung'olewa kupisha barabara, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru uachwe.

Kwa dawa, utomvu mweupe hupakwa vidondani, na maji ya magome yaliyochemshwa hunywewa kwa kikohozi, koo na kuhara. Nguvu ya magome hubadilika mti kwa mti, kwa hiyo mtoto anayeharisha apewe maji ya dawa ya chumvichumvi (ORS) na apelekwe zahanati. Utomvu usiingie machoni. Gome litolewe kwa ukanda mwembamba wa wima, upande mmoja tu. Ukizungusha kisu shina zima ukafika kwenye mti wa ndani, chakula kutoka majanini hakitashuka, mizizi itakufa njaa. Mafundi wa nguo za magome wa Buganda, Uganda, hubandua gome la mutuba, ambao ni Ficus natalensis, kuzunguka shina lote wakati wa mvua, lakini hawajeruhi utando laini wa ndani, na hulifunga shina kwa majani ya mgomba mpaka gome jipya liote. Ni kazi ya fundi, msiijaribie.

Kuupanda ni rahisi. Kata tawi lililonyooka la mita 2, nene kama mkono, ncha ya chini ukiikata mshazari ili usilipande kichwa chini. Liache kivulini siku chache utomvu ukauke. Mvua zikianza, chimba sentimita 50, lisimamishe, shindilia udongo. Maji yakituama, litaoza. Mbuzi wakilifikia, watalibandua gome, hivyo lizungushie miiba. Kaa mbali na nyumba, mabomba na tangi la maji, angalau mita 15, maana mizizi hupasua ukuta.