Stenti kwenye panda ya mshipa mkuu wa kushoto: miaka kadhaa baadaye

Walimu wangu, madaktari wenzangu, wauguzi na wanafunzi, asanteni kwa kufika.

Mshipa uliotoka kuzibuliwa hupendeza kwenye skrini. Maumivu ya kifua yamepoa, ndugu wanashukuru. Mimi nataka tumfuate mgonjwa huyo miaka mitano, kumi mbele.

Nachukua sehemu inayotutoa jasho: pale mshipa mkuu wa kushoto unaolisha moyo damu unapogawanyika, tawi moja likishuka mbele ya moyo, jingine likizunguka nyuma. Matawi yote mawili yakibanwa, tuweke stenti, yaani kibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa uwe wazi, moja au mbili?

Utafiti wa DKCRUSH-V, ulioongozwa kutoka Nanjing, China, ulikuwa na wagonjwa 482. Kundi moja lilianza na stenti moja, ya pili ikiongezwa pakilazimu. Jingine liliwekewa mbili kwa mpangilio maalumu: inatangulia ya tawi la pembeni, kwa kawaida lile linalozunguka nyuma, kipande chake kinachojitokeza kinagandamizwa ukutani kwa puto, maputo mawili yanajazwa kwa pamoja, moja katika kila tawi, inafuata stenti ya mshipa mkuu, kisha maputo mawili tena. Baada ya miaka 3, waliokufa kwa moyo, waliopata shambulio la moyo kutokana na mshipa ule, au waliorudi kuzibuliwa pale pale walikuwa asilimia 16.9 katika kundi la kwanza na 8.3 katika la pili.

Ulaya, utafiti wa EBC MAIN wenye wagonjwa 467 haukuona faida hiyo baada ya mwaka mmoja. Huko, stenti mbili ziliwekwa kwa mbinu mbalimbali. Kwa hiyo msihesabu stenti tu, angalieni zimewekwaje. Waya unaoongoza puto na stenti ukigoma kupenya tawi la pembeni, vumilieni. Msiliache lile jazo la mwisho la maputo mawili kwa sababu ya uchovu, maana mdomo wa tawi hilo ndipo stenti hupenda kuziba tena.

Na upasuaji wa kupandikiza mishipa je? Wagonjwa wa SYNTAX, utafiti uliolinganisha stenti na upasuaji huo, walifuatiliwa miaka 10. Wenye ugonjwa wa mishipa yote mitatu ya moyo, walikufa asilimia 28 ya waliowekewa stenti na 21 ya waliopandikizwa mishipa. Kwa mshipa mkuu wa kushoto, vifo havikutofautiana kwa maana. Mwenye kisukari na mishipa kadhaa iliyobanwa, utafiti wa FREEDOM ulionyesha wazi kwamba upasuaji humpa uhai mrefu zaidi kuliko stenti, ingawa hatari ya kiharusi ilikuwa kubwa zaidi. Mgonjwa huyo akutane na daktari wa upasuaji kabla hatujamlaza mezani kwetu, aelezwe yote mawili, naye aseme analotaka.