Waliookoka pale Ground Zero: jibu kwa mnaouliza kila wiki

Haya, watu wa nyumbani, Kampala, Arua, Bwera, kote mnakonisikia. Kila nikiweka video, swali ni lile lile: “Ni kweli kuna watu walioenda kuhudumia wazima moto Ground Zero, pale minara ya New York ilipoanguka, hawana dini, wakatoka walokole? Walihubiriwa na nani?” La pili hufuata hapo hapo: “Nikipata cheti cha ukasisi wa maafa, naweza kuja?” Nikijibu, kuna atakayesema najidai niko New York. Nikitaja gharama, mwingine atasema nalia njaa na dola ninazo. Semeni tu.

Ya Septemba 11, 2001 mnayajua. Twende St. Paul's, kanisa la Waanglikana lililotazamana na pale minara ilipoanguka. Lipo tangu 1766, na halikubomoka. Kwa miezi minane hivi likawa pumziko la wazima moto, polisi na wakata vyuma. Wa kujitolea walipokezana zamu za saa 12, usiku na mchana. Kazi yenyewe ilikuwa chakula, blanketi, soksi. Kifusi kiliendelea kuwaka mpaka Desemba, na joto la chini lilikuwa linayeyusha soli za buti, ndiyo maana miguu ilihitaji matunzo kuliko mnavyodhani. Waganga wa miguu waliwatibu pale pale alipokuwa akikaa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, kusali. Wazima moto wengine walilala kwenye mabenchi na mikanda ya vifaa kiunoni, mbao zikakwaruzika.

Misa ilikuwepo kila siku, lakini aliyetaka kulala alilala. Basi aliyekuja bila dini akaondoka na Kristo, kwa mtazamo wangu, alianzia kwenye zile soksi. Ukimhudumia mgeni miguu saa tisa za usiku, hajui jina lako wala hakushukuru, unaanza kuuliza nguvu ya kurudi kesho utaipata wapi. Wapo waliouliza hivyo wakaondoka kama walivyokuja, nao walihudumu vizuri tu.

Sasa nyumbani. Likitokea jambo kama la Kiteezi, Kampala, jalala lilipoporomoka Agosti 2024, usiende na Biblia na spika. Anza kwa LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, kisha msimamizi wa polisi au Red Cross, akuonyeshe mahali pa mapumziko. Ukae hapo, kwenye kifusi usikanyage. Nendeni wawili wawili. Maji, chai yenye sukari, soksi kavu. Keti ubavuni mwa mtu, usimkabili uso kwa uso. Swali la kwanza liwe “Umekula?” Usimuulize ameona nini: Shirika la Afya Duniani halishauri kumlazimisha mtu asimulie mara tu baada ya msiba, kwani haimkingi na madhara ya baadaye. Usiseme “ni mpango wa Mungu” kwa mtu aliyetoka kubeba mwili wa mtoto. Hapo ndipo wengi huharibu, na mlango haufunguki tena. Ombea anayeomba, maneno machache. Akiwa Mwislamu, mtafutie sheikh. Mwezi ukipita hajalala vizuri, mpeleke kwa daktari, usimpeleke kwenye mkesha.

Cheti? Vile vinavyouzwa mtandaoni hospitali za huku hazivitambui. Zinataka mafunzo ya CPE, yaani ya ukasisi kwa vitendo, kipindi kimoja saa 400, na kasisi aliyethibitishwa huwa amemaliza vinne, juu ya shahada ya theolojia. Viza ya R-1, ya watumishi wa dini, huombwa na kanisa la huku kwa fomu I-129, nawe uwe mshirika wa dhehebu hilo miaka miwili kamili kabla. Wachungaji wananiandikia niwatumie barua ya mwaliko kama vile natuma vocha. Nikikataa, eti nimesahau nyumbani. Barua yangu haimpi mtu viza, na ada ya ubalozi hairudishwi.

Kuna jambo wahubiri hawalitaji: vumbi la Ground Zero. Sheria ya Marekani iitwayo Zadroga, iliyosainiwa Januari 2011, inagharamia matibabu ya walioliugua, hata wa kujitolea. Masharti ni uwe umefanya kazi huko kwa saa 4 kati ya Septemba 11 na 14, au saa 24 ndani ya mwezi huo, au saa 80 hadi Julai 31, 2002, kusini mwa Canal Street. Lakini lazima uthibitishe. Aliyeingia kumimina supu bila kuandikwa popote inabidi amtafute aliyemwona, miaka imepita, na huyo pengine amehama au amekufa.

Kwa hiyo kikundi chenu kiwe na daftari kabla ya sufuria: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi ya msimamizi, na kama mtu alipewa barakoa. Lipigeni picha kila jioni, maana karatasi hulowa. Hayo ni maoni yangu. LC wenu akiwa na fomu yake, tumieni hiyo.