Mtandao wa Nyumbani Usiotegemea Intaneti

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi na vijana mliohudhuria, nawashukuru kwa mwaliko huu.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota au kukatika katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Wapo waliozima ruta zao, yaani vile visanduku vinavyorusha Wi-Fi nyumbani, kwa kudhani kwamba hazina kazi tena. Ruta zile zilikuwa nzima. Ziliendelea kugawa anwani, yaani namba za kutambulisha kila kifaa, na kurusha mawimbi, na kompyuta ya sebuleni ingeweza kupeleka faili kwa kompyuta ya chumbani kama ilivyoweza siku iliyotangulia. Kilichofungika ni njia ya kutoka nje. Mada yangu leo ni upande wa ndani, ambao tunaununua pamoja na ruta na kisha tunauacha bila kuutumia.

Tazameni jinsi tunavyoishi. Video ya harusi yenye ukubwa wa gigabaiti moja na nusu, iliyo katika kompyuta ya baba, humfikia binti aliye chumba cha pili kwa kupandishwa hadi seva ya kampuni iliyo ng'ambo na kushushwa tena, na bando likaliwa mara mbili. Kwa mtandao wa ndani wenye kasi halisi ya megabiti 40 kwa sekunde, ambayo si kasi ya kujivunia, video hiyo hiyo inahama kwa takribani dakika tano, na hakuna senti inayolipwa.

Mahitaji ni machache. Ruta ya zamani iliyobaki kabatini baada ya mkataba kuisha inatosha, mradi inawaka na inakubali kufunguliwa mipangilio yake. Hata ile inayotumia laini ya simu kwa kawaida huendelea kurusha Wi-Fi ikiwa haina laini ndani. Nyuma ya ruta ya kawaida mtaona tundu moja lililotengwa na mengine, mara nyingi kwa rangi, ambalo ni la kupokea intaneti. Liacheni wazi. Kama hamjui nenosiri lililowekwa na mwenye ruta wa awali, bonyezeni kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani kwa ncha ya kalamu, mkishikilie kwa sekunde kumi hivi, kisha someni kibandiko kilicho chini ya ruta: hapo pameandikwa jina la Wi-Fi, nenosiri lake na anwani ya kuandika katika kivinjari, ambayo mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Asiye na ruta kabisa anaweza, kwa simu nyingi za Android, kuwasha hotspoti huku data ikiwa imezimwa, ingawa simu itamaliza chaji upesi.

Anwani zinazoanza na 192.168 ni miongoni mwa zile zilizotengwa kwa ajili ya mitandao ya faragha, kwa utaratibu ulioandikwa mwaka 1996, ndiyo maana mamilioni ya nyumba duniani hutumia anwani zile zile bila kugongana. Hatuombi kibali wala hatulipii. Ruta yenyewe humpa kila mgeni anwani yake anapoingia, lakini kompyuta itakayotunza mafaili ya familia ni vyema itengewe anwani isiyobadilika ndani ya mipangilio ya ruta, la sivyo leo mtaikuta penye 192.168.1.5 na kesho penye 192.168.1.9, na watoto watasema mtandao umeharibika.

Kuhusu mawimbi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Ruta nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na nyingine huongeza gigahezi 5. Yale ya kwanza hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya pili yana kasi kubwa lakini huchoka mapema. Katika nyumba za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar au za Lamu, zenye kuta nene mno, gigahezi 5 aghalabu haivuki chumba, na nyumba mpya za zege lenye nondo nazo si rahisi sana. Bati na tangi la maji ni vizuizi vikubwa kuliko mnavyodhani. Kwa hiyo ruta ikae katikati ya nyumba, juu ya kabati, si sakafuni nyuma ya televisheni. Kama majirani ni wengi, chagueni chaneli ya 1, 6 au 11 katika gigahezi 2.4, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani.

Kuna jambo jingine linalosahaulika: faili likitoka kompyuta moja kwenda nyingine, zote mbili zikiwa kwenye masafa yale yale ya Wi-Fi, linapita hewani mara mbili, kwanza kwenda kwa ruta na kisha kutoka kwa ruta, na kasi inashuka karibu nusu. Dawa yake ni kuiunganisha kompyuta inayotunza mafaili kwa waya, na kuwaachia wanaohamahama nyumbani hewa peke yao. Najua mmekuja kusikia habari za kutotumia waya. Hata hivyo, waya mmoja wa mita mbili ndio utakaoufanya mtandao huu upendeze.

Katika Windows, uambieni mfumo kwamba mtandao huu ni wa faragha, si wa hadhara, vinginevyo kompyuta zitajificha zisionane. Kisha shirikisheni folda moja, si diski nzima, na mfungue akaunti yenye nenosiri kwa ajili ya watakaoingia. Printa yenye Wi-Fi huingia kwenye mtandao huo huo, na kazi ya shule ikachapwa kutoka chumba chochote.

Lakini kwangu mimi manufaa makubwa ni maktaba. Programu ya Kiwix, ambayo ni ya bure, huweza kubeba nakala ya Wikipedia na kuigawa kwa nyumba nzima kupitia kivinjari cha kawaida. Toleo la Kiingereza lenye picha huchukua takribani gigabaiti 100, na la Kiswahili ni dogo zaidi kwa mbali. Programu ya Kolibri hufanya kazi ya namna hiyo kwa masomo na mazoezi. Mafaili hayo hupakuliwa mara moja mahali penye intaneti nzuri, yakaletwa nyumbani kwa diski. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inatosha kuyahudumia, ila matoleo mengi ya kifaa hicho hayana saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika, na kwa kuwa hakuna intaneti ya kuirekebisha, mafaili mapya yatapewa tarehe za uongo mpaka mtu aiweke saa sawa.

Simu nazo zina ukaidi wake. Nyingi hujaribu kufikia seva ya intaneti punde zinapoingia kwenye Wi-Fi, na zisipojibiwa hutangaza kwamba mtandao hauna intaneti, kisha hurudi kwenye data kimyakimya. Ujumbe huo si kosa. Ichagueni Wi-Fi hiyo tena na mwiamuru simu ibaki hapo. Ikikataa, zimeni data.

Msidhani kwamba kutokuwa na intaneti ni ulinzi. Mawimbi hayajui mpaka wa kiwanja, na jirani aliye upande wa pili wa ukuta anaweza kusoma folda zenu kama Wi-Fi iko wazi. Katika mipangilio ya ruta, tumieni WPA2 au WPA3, ambazo ni njia za kuifunga Wi-Fi kwa nenosiri. Ile ya kale ya WEP ilivunjwa na watafiti tangu mwaka 2001. Virusi vya flashi, kwa upande wao, hupenda sana kompyuta zisizopata masasisho, na kompyuta zenu zitakuwa za namna hiyo msipozipeleka penye intaneti mara kwa mara.

Iwapo siku moja mtanunua huduma ya intaneti, hamtabomoa chochote: waya wa kutoka kwenye kifaa cha kampuni utaingia katika lile tundu tuliloliacha wazi. Tatizo litakuja tu ikiwa kifaa hicho nacho kinagawa anwani za 192.168.1, kwa kuwa ruta haitajua upande upi ni wa ndani na upi ni wa nje. Ndiyo maana nashauri mtandao wenu upewe tangu leo safu isiyo ya kawaida, tuseme 192.168.50. Ruta iliyo mezani hapa nimeiweka hivyo, haina waya wa intaneti, na nenosiri lake nimeliandika ubaoni. Ingieni, na anayekwama aulize.